Majani mnayochoma ndiyo mbolea ya mchanga wetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya moshi unaofuka Malindi kila kukicha. Sisemi moshi wa jaa la taka. Huo umeandikwa sana na wenye kuujua. Nasema huu wa majani makavu, ya miembe, mikungu, mikorosho na mikilifi (miarobaini), unaotoka kwenye nyua za watu, viwanja vya shule na bustani za mahoteli, kuanzia Barani hadi Shela, na ukienda Ganda au Msabaha unaukuta mashambani vilevile. Mtu anaamka alfajiri, anafagia uwanja kwa ufagio wa chelewa, anakusanya majani pembeni, anapiga kiberiti. Hana ubaya aliokusudia. Ndivyo alivyomwona mamake akifanya, na uwanja uliofagiwa ni heshima ya nyumba, hilo silipingi. Lakini kinachoteketea pale ni mali, na wengi wanaokiteketeza ni watu wasio na mali ya kuchezea.

Mimi watu huniita mama wa miche. Kitalu changu kiko kando ya barabara ya kwenda Mombasa, na nauza miche ya miembe ya kupandikizwa, minazi mifupi, michungwa, mipera, mikungu ya kivuli na mivinje. Kazi hii inanikutanisha na watu wengi wenye shida moja. Mteja ananunua mche wenye afya, anaondoka nao kwenye tuktuk akiwa na furaha, na baada ya miezi anarudi amenuna. "Mama, ule mwembe ulionipa umegoma. Haufi, haukui." Namwambia, "Basi mwanangu, twende nikauone." Tukifika, mara nyingi nakuta hali ileile: mche umesimama katikati ya mchanga mtupu uliofagiwa hadi shinani, hakuna hata jani moja lililolala, na hatua chache kutoka hapo kuna doa jeusi la majivu. Mti umenyimwa chakula, na chakula chenyewe kimechomwa mbele yake.

Udongo wetu mwingi wa pwani hii, ukitoa ule wa bonde la mto Sabaki, ni mchanga, na chini ya mchanga ni mwamba wa matumbawe. Mchanga haushiki maji wala haushiki mbolea. Ukimwaga mbolea ya dukani ikaja mvua kubwa, inashuka chini kupita mizizi na kwenda zake. Hata ile ya ruzuku, iliyoshushwa bei hadi Sh2,500 kwa gunia la kilo 50 mwaka 2023, ukiitia kwenye mchanga usio na mboji ni kutia maji kwenye pakacha. Kinachoshika ni mboji, na hakuna mboji rahisi kuliko ya jani lililoanguka lenyewe, halikununuliwa, halikubebwa, limekuja hadi chini ya mti.

Nyuma ya kitalu pana mwembe mkubwa wa zamani ambao nimekataza mtu yeyote kufagia chini yake. Juu kuna majani ya juzi, ya rangi ya kahawa, yanayolia ukiyakanyaga. Yafunue kwa mkono. Yanayofuata yamelala bapa na kushikana, yana unyevu hata saa nane mchana wa kaskazi, na katikati yake kuna nyuzi nyeupe nyembamba za kuvu zinazotoka jani hili na kuingia lile. Chini zaidi unakuta jani limebaki mishipa mitupu, nyama yote imeliwa, ukiliinua juani unaona ng'ambo. Halafu unafika kwenye kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa, kimechanganyika na mchanga mweupe hata hujui kimoja kinaishia wapi. Humo mna jongoo aliyejikunja, vikonokono, nyungunyungu kama mvua imepita karibuni, na vidudu vyeupe vidogo vinavyoruka ambavyo asiye na macho mazuri hawezi kuviona. Hicho cheusi ndicho ninachochota, nikachanganya na mchanga na samadi ya mbuzi iliyoiva, nikajaza vifuko vya miche. Sinunui udongo wa mtu.

Nataka wasomaji wajue kinachotokea pale, maana wengi hudhani jani likianguka limekwisha kazi. Mti hautupi jani ovyo. Kabla halijaanguka, unavuta ndani sehemu ya naitrojeni na fosforasi iliyokuwamo, rangi ya kijani ikaondoka, na ndipo unaona yale majani mapana ya mkungu yamegeuka mekundu. Lakini hauvuti yote, na kalsiamu karibu yote hubaki palepale, ndani ya jani. Likilala chini, hao niliowataja wanalitafuna na kulivunjavunja, kuvu na bakteria wanamalizia, na vile vilivyobaki vinarudi polepole kwenye mizizi ileile iliyovitoa. Ukilichoma, naitrojeni karibu yote inapanda na moshi. Yanabaki majivu, ambayo upepo wa kusi unayapeperusha au mvua ya kwanza inayaosha. Na sisi tulio juu ya matumbawe tuna jambo jingine la kuangalia. Udongo wetu tayari una chokaa nyingi, na majivu yanaizidishia nguvu, mpaka mmea unashindwa kupata chuma na zinki hata kama vimo. Ukiona majani machanga ya mchungwa wako yamepauka huku mishipa yake imebaki ya kijani, usikimbilie kumwaga majivu shinani ukidhani unausaidia.

Anayeona kwamba haya ni maneno ya mama wa kitalu tu, na aende Bamburi, Mombasa. Pale palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wa matumbawe uliochimbwa hadi karibu na maji, hakuna udongo hata wa kujaza kikombe. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti pale, na mti uliokubali vizuri ulikuwa mvinje, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyokamata naitrojeni ya hewani. Mivinje ikakua, ikaanza kudondosha zile sindano zake. Sasa ikawa tabu: sindano zilirundikana bila kuoza, maana ni ngumu na zina tanini, kile kitu chenye ukakasi, na bila kuoza udongo haupatikani. Aliyeitatua tabu hiyo hakuwa mashine wala dawa. Alikuwa jongoo, huyu mkubwa mwenye miguu mekundu ambaye watoto wetu humchokoa kwa kijiti. Haller aliona anazila sindano za mvinje, akaleta majongoo wengi na kuwaachia. Wakatafuna, wakanya, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo mahali pale ni msitu wenye miti ya kila namna, vidimbwi vya samaki na wanyama ambao watu hulipa kiingilio kuwatazama. Msitu mzima umesimama juu ya majani yaliyoachwa yaoze. Na sisi tuna wakulima wengi wa mivinje kwa ajili ya nguzo, nao wanazikusanya sindano na kuzitia moto ili shamba lionekane safi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 za mraba, ndio kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kuna watu wanaopita kwenye vitalu na mahotelini na pikipiki, wakiuza magunia ya udongo mweusi. Ukiwauliza umetoka wapi, wanakujibu ni wa shambani kwao. Gunia likifunguliwa naangalia ndani na kuona vipande vya majani ya mfunda na ya mrihi, miti ya msituni mle. Nani kwetu ana shamba la mfunda? Udongo ule umekwanguliwa msituni, tabaka lote la juu, majani na mboji yake, na pale walipokwangua pamebaki mchanga mtupu usioweza kuotesha hata mbegu ya mti uliosimama hapohapo. Nimewafukuza, na nitaendelea kuwafukuza. Lakini tazama mzunguko wenyewe, Mhariri. Mwenye bustani mjini anachoma majani yake asubuhi, na jioni ananunua majani ya msitu yaliyoibwa ili maua yake yapate rutuba.

Na msitu ule si miti tu. Chini, kwenye majani, anaishi sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama wa uzito wa kama nusu kilo, pua ndefu inayopindika, miguu myembamba. Karibu makao yake yote yaliyobaki duniani ni Arabuko-Sokoke na vipande vidogo vya msitu vilivyo jirani. Maisha yake yote ni majani yaliyoanguka. Anatembea akiyapekua kwa pua, akitafuta mchwa, mende, tandu na nyungunyungu. Analala kwenye kishimo alichokifunika kwa rundo la majani, na hupenda kulijenga asubuhi mapema wakati umande bado umeyalainisha, ili yasipige kelele akasikiwa na adui. Akishtuka anapiga mkia chini kwenye majani makavu, tap tap, kumjulisha aliyemnyemelea kwamba ameshaonekana. Huyo ukimwondolea majani umemwondolea chakula, kitanda na king'ora kwa siku moja. Unaweza kumwona hata pale kwenye magofu ya Gede, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, kama utasimama kimya kando ya kuta ukasikiliza majani yanavyochakarishwa. Wakati wa kusi yuko pia ndege mmoja wa madoadoa kifuani, anayesafiri kutoka kusini mwa Tanzania kuja kutafuta riziki kwenye majani hayohayo. Wageni wanatoka Ulaya kuja kumwona, sisi hapa tunawasha viberiti.

Wavuvi nao lao lipo. Pale hori ya Mida, maji yakitoka, kaa hutoka mashimoni, wakalikamata jani la mkoko lililodondoka na kulivuta ndani ya shimo. Ya mchu, aina moja ya mkoko, huoza upesi, ya mkoko mwekundu huchukua muda mrefu zaidi. Matope yale yanayonuka, ambayo wengine huyaona uchafu, yamelishwa na majani, na humo ndimo kamba na samaki wachanga wanamokulia kabla ya kutoka baharini. Anayekula kamba wa Ngomeni amekula jani pasipo kujua.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimejibiwa hivyo mara nyingi mbele ya kitalu changu. Kwanza ni nyoka. Ni kweli nyoka na nge hupenda kujificha, na mwenye watoto wadogo ana haki ya kuogopa. Fagia kando ya kuta, fagia njia na mahali watoto wanapocheza, hilo silikatazi. Majani yapeleke chini ya miti, mbali na mlango, na uyatandaze yasizidi kimo cha kiganja. Nyoka hukaa kwenye marundo ya makumbi, matofali na mbao kuliko kwenye majani yaliyotandazwa. Pili wanasema mbu. Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Vifuu vya nazi, makopo na tairi kuukuu vilivyozagaa uwanjani ndivyo vya kuondoa kwanza.

Wakulima wa minazi wana hoja nzito zaidi, na naiheshimu. Yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi huzaliana kwenye vigogo vya minazi vilivyooza na kwenye marundo makubwa ya samadi. Kwa hiyo usiache kigogo kikiozea shambani, na rundo lako la mboji uligeuze mara kwa mara; ukiona funza wakubwa weupe waliojipinda, watoe uwape kuku. Majani yaliyotandazwa kwa wembamba hayampi nafasi hiyo. Kwa wa miembe, nawaambia mfagie maembe, msifagie majani. Yule inzi wa matunda kutoka Asia, aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hukuhuku pwani, anakulia ndani ya embe lililoanguka na kuoza. Embe lichukue, ulifukie kwa kina au ulifunge kwenye mfuko mweusi ulianike juani mpaka funza wafe. Jani liache.

Mkilifi peke yake ndio nauweka kando, kwa sababu majani yake yana uchungu unaofukuza wadudu, nami nawataka wadudu kwenye rundo langu. Hayo natandaza juu juu kwenye njia za kitalu. Majani mengine unayarundika kwa zamu na samadi ya mbuzi na magugu mabichi, unayanyunyizia maji, unayafunika kwa makuti yasikaushwe na jua, na kwa joto hili letu miezi 3 hadi 4 yanatosha. Ukiyaacha yenyewe bila samadi utasubiri zaidi, maana jani la mwembe lina ngozi ngumu, lakini litaoza tu.

Kuna shule moja hapa, sitaitaja, ambayo mjukuu wangu anasoma. Kila asubuhi watoto wanafagia uwanja wenye miembe na mikungu mizuri, na majani yanachomwa nyuma ya madarasa, pamoja na karatasi za biskuti na mifuko ya barafu iliyofagiwa humohumo. Moshi unaingia madirishani. Mjukuu wangu ana pumu. Nilikwenda nikazungumza kwa heshima na mwalimu wa zamu, nikamwambia, "Mwalimu, msiyachome, nitaleta mkokoteni kila Ijumaa nije niyachukue, na nitawaletea miche." Akanijibu kwamba uwanja lazima uwe safi kabla ya gwaride na hawana mahali pa kuyaweka. Kesho yake yalichomwa tena. Watoto hawa hawa wanafundishwa somo la Kilimo, wanachora rundo la mboji daftarini na kutiwa alama ya vyema, kisha wanapewa kiberiti. Mahali pa kuyaweka papo. Pembe moja ya uwanja, miti minne iliyosimikwa na wavu kuzungushwa, imetosha.

Kwa serikali ya kaunti ombi langu ni dogo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imeshasema taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Wale wanaofagia barabara zetu alfajiri, kazi ngumu na ya kushukuriwa, wapewe magunia mawili badala ya moja, na mahali pamoja karibu na soko patengwe pa kumwaga majani, mkulima anayetaka ajichotee. Hakuna haja ya mradi wa mamilioni. Wenye mahoteli nao, wakiletewa gunia la udongo mweusi, waulize limetoka wapi, na wasipopata jibu la kueleweka walirudishe. Wana miti ya kuwatosha wao na jirani zao.

Sabaki tunauona sote kila msimu wa mvua, unavyomimina maji mekundu baharini mpaka ufuo wa Malindi unageuka rangi ya chai. Ule ni udongo wa mashamba ya bara yaliyobaki uchi, tone la mvua likaupiga moja kwa moja kwa sababu hakuna jani la kulipokea. Wa kule juu hatuwezi kuwaamuru. Uwanja wa nyumbani kwako unaweza.

Hivi sasa kaskazi inaelekea kwisha, mikungu inapukutisha, na masika hayako mbali. Majani yatakayotandazwa wiki hizi ndiyo yatakayoyakuta maji hayo. Mwenye nayo asiyeyahitaji ayatie guniani, atoe plastiki, ayaweke kando ya barabara. Wenye mikokoteni pale stendi wanakijua kitalu cha mama wa miche, na nauli yao nitalipa mimi.

Mama wa miche,
Malindi